Kupe Huyo Alikula Wapi Mara ya Mwisho?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za wadudu, kupe, mbu, mbung'o, pange, na kuna mmoja kauliza habari za viroboto ambao nao watapata zamu yao siku nyingine. Nimechagua saba nikazikata kidogo maana kuna watu mnaandika jamani, meseji inaanzia babu aliponunua ng'ombe wa kwanza. Majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo daktari. Mi naogesha ng'ombe wangu kila wiki sijawahi kuruka, jirani yangu haogeshi kabisa na kupe wake unaweza kuwachota kwa kijiko. Juzijuzi dawa iliniishia nikakaa kama wiki tano bila kuogesha, nimepoteza ng'ombe wawili wakubwa, mkojo ulikuwa mwekundu kabisa. Wa jirani wanatafuna majani tu kama hakuna kilichotokea. Hivi hapa hakuna mkono wa mtu?

JIBU: Marahaba. Mkono wa mtu upo, ila ni wa kwako ulioshika bomba la dawa. Pole sana kwa hao wawili, na sikulaumu, ulifanya tunachowaambia wafugaji kila siku, shida ni kwamba huwa hatuwaambii nusu ya pili.

Mkojo mwekundu ni babesia, kidudu kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaliana humo na kuzipasua, afu ile rangi inachujwa na figo inatoka na mkojo. Sasa sikiliza hii. Ndama mpaka miezi kama tisa hivi ana uvumilivu wa kuzaliwa nao dhidi ya babesia, akiumwa na kupe mwenye ugonjwa anapata homa ndogo ambayo hata huioni, anapona, na kuanzia hapo mwili unakumbuka. Ng'ombe mkubwa ambaye hajawahi kukutana nayo ndo anayeanguka. Yaani ni kinyume cha tulivyozoea, hapa mtoto ndo ana nguvu na mkubwa ndo dhaifu.

Kwa hiyo zizi la jirani kila ndama anaumwa na kupe kabla hajamaliza miezi sita, wote wamepita darasani. La kwako ndama wanakua safi, wanakuwa mitamba safi, wanazaa wakiwa safi, hakuna hata mmoja anayeujua ugonjwa, na siku dawa inapokata kupe wanaingia kwenye kundi zima la wageni. Ugonjwa uko kwenu wote wawili ila kwake umetulia. Wataalamu wanaona kitu hiki kwenye namba, eneo lenye kupe wengi sana vifo vichache, eneo lisilo na kupe vifo hakuna, na eneo la katikati lenye kupe kidogo kidogo ndo linaua. Watu wakipunguza kupe nusu nusu wakaachia hapo wanajisogeza wenyewe katikati.

Na hili si jambo jipya, ndo lilifungua macho ya dunia kuhusu wadudu na magonjwa. Marekani karne ya 19 ng'ombe wa Texas walikuwa wanaswagwa kwenda kaskazini wakiwa wazima, wamenona, ila kila walikopita ng'ombe wa huko walikufa, na wafugaji wa kaskazini wakawa tayari hata kuwazuia kwa bunduki. Wale wa Texas walikuwa kama wa jirani yako, walishaugua utotoni. Watafiti wawili, Theobald Smith na Kilborne, wakaweka ng'ombe kwenye viwanja tofauti, kwingine wa kusini na kupe wao, kwingine wa kusini waliotolewa kupe mmoja mmoja kwa mkono (hebu fikiria hiyo kazi), kwingine wakamwaga kupe tu kwenye majani bila ng'ombe wa kusini hata mmoja. Waliougua ni wale waliokaa na kupe. Waliokaa na ng'ombe aliyesafishwa hawakuugua. Waliandika ripoti 1893, miaka minne kabla Ronald Ross hajaona kimelea cha malaria ndani ya mbu, kwa hiyo ng'ombe walitangulia.

Sasa usije ukaniambia daktari kasema tuache kuogesha! Ndigana kali, ugonjwa mwingine unaoletwa na kupe, ni habari nyingine. Ile inaua ndama wa kisasa bila huruma, na hata huyo jirani kuna hasara anazozipata ambazo hazipigi kelele, maziwa pungufu, ndama wanadumaa, masikio yameoza, chuchu zimekufa. Kwa ndigana kali ipo chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, ng'ombe anachomwa vimelea vilivyo hai kabisa na siku hiyohiyo anachomwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu ili ugonjwa uwe mdogo, ni kama unampeleka darasani mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni. Ikifanyika vizuri mara moja kinga inadumu miaka. Inataka mtu aliyefundishwa na mtungi wa baridi kali, usiichukue mtaani. Na hao mitamba wako waliobaki, kabla hujabadilisha ratiba yoyote apimwe damu mmoja mmoja ujue nani anaijua babesia na nani ni mgeni.

SWALI: Daktari mi huwa natoa kupe kwa mkono jioni wakirudi, mke wangu anasema napoteza muda kwasababu kupe akishauma ameshauma. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa ndigana kali uko sahihi wewe, na naomba umsomee mama hii taratibu bila kushangilia.

Vimelea vya ndigana kali vikiwa kwenye mate ya kupe havijaiva. Vinaiva baada ya kupe kuanza kunyonya, na inachukua siku mbili mpaka nne hivi kabla havijaanza kuingia kwa ng'ombe. Ukimtoa kupe jioni ya siku aliyopanda, umemtoa akiwa bado anapika. Ndo maana zamani kwenye maeneo ya ndigana kali watu walikuwa wanaogesha hata mara mbili kwa wiki, walikuwa wanakimbizana na saa hiyo.

Pia jua kupe wa sikioni, yule wa kahawia, anakula mara tatu tu maisha yake yote na kila mara kwa mnyama mwingine. Anatoka kwenye yai akiwa kama punje ya vumbi, anakula, anaanguka, anajivua anakuwa kijana, anapanda mwingine, anakula, anaanguka, anakuwa mkubwa, anapanda wa tatu. Ndigana kali haipiti kwenye yai, kwa hiyo yule mdogo kabisa ni msafi hata mama yake awe na ugonjwa wa namna gani. Anauchukua kwenye mlo mmoja anautoa kwenye mlo unaofuata. Babesia ni tofauti, mama anawawekea watoto kwenye mayai na kupe wake anakaa kwa ng'ombe mmoja maisha yote, kwahiyo yule wa kama vumbi ambaye hata hukumwona ndo ana mzigo. Mi nikiona kupe swali langu la kwanza huwa siyo ni wangapi, nauliza huyu alikula wapi mara ya mwisho.

Unapowatoa ingiza kidole ndani kabisa ya sikio, na ukiwa hapo papasa tezi iliyo chini ya sikio. Ikiwa imevimba kama yai na mnyama ana homa usisubiri kesho. Daktari anaichoma kwa sindano, anatoa tone dogo, anapaka kwenye kioo na kuangalia kwenye hadubini, dakika chache tu jibu lipo. Dawa ipo ila inafanya kazi mapema, mapovu yakishatoka puani umechelewa.

SWALI: Nachanja na kuchoma dawa kundi zima kwa sindano moja, naifuta kwa spiriti kati ya ng'ombe na ng'ombe. Kuna shida?

JIBU: Ipo. Umekuwa pange.

Pange, yule inzi mkubwa mnyonya damu, ana mdomo kama kisu, anakata ngozi, inauma, ng'ombe anapiga mkia, pange anaruka na damu mbichi mdomoni kwenda kumalizia chakula chake kwa ng'ombe wa pembeni. Hakuna kinachokua ndani yake, anabeba tu kama kijiko kichafu, na damu ikikauka safari imeisha. Ndo maana Marekani farasi mwenye anemia ile ya kuambukiza anatengwa yadi 200 kutoka kwa wenzake, pange hawezi kubeba mlo mbichi umbali huo, atarudi kumalizia kwa yuleyule. Sindano yako inabeba damu nyingi kuliko mdomo wa pange, na tena haipigwi mkia. Ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa damu usio ndigana kali, inasambaa hivyohivyo, kwa sindano, kwa kisu cha kukata pembe, kwa koleo la kutoboa masikio, na mnyama aliyepona anabaki nayo kwenye damu maisha yake yote akionekana mzima. Kufuta nje hakusafishi tundu la ndani. Kila ng'ombe sindano yake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, tumefundishwa kwamba ukiua mbu ugonjwa unapungua, sawa, ila mwalimu akasema kuwafupishia maisha ni bora kuliko kuwapunguza idadi na hakueleza, kengele ikalia. Naomba ufafanuzi bila hesabu ngumu.

JIBU: Hesabu itakuwepo ila ni ya kutoa na kuzidisha.

Mbu akinyonya virusi leo hawezi kuvitoa leo. Lazima vizaliane tumboni, vivuke ukuta wa utumbo, vifike kwenye mate. Tuseme inachukua siku 10. Mbu wengi hawafiki huko. Chukua mbu 100 walionyonya mnyama mgonjwa usiku mmoja. Kama kila siku anakufa mmoja kati ya kumi, baada ya siku 10 wanabaki 35. Sasa weka dawa mgongoni mwa ng'ombe au neti yenye dawa kwenye banda, na kila siku wanakufa wawili kati ya kumi. Siku ya 10 wanabaki 11 hivi. Bado haijaisha, kwasababu wale 35 kwa wastani wanabakiwa na siku tisa na nusu za kuuma, na wale 11 wanabakiwa na siku nne na nusu tu. Zidisha pande zote mbili utaona hatari imeshuka karibu mara saba, na ulichofanya ni kumwondoa mmoja zaidi kati ya kumi kila siku. Ukipunguza idadi nusu kwa kufukia madimbwi hatari inashuka nusu, basi. Huyo mwalimu wako yuko vizuri. Aliyeliweka jambo hili wazi kwa malaria ni George Macdonald miaka ya 1950, akiendeleza hesabu za Ross.

Kuna kingine ambacho watu wanakisahau, mbu lazima aume mara mbili, mara ya kwanza kuchukua na mara ya pili kutoa. Kwa hiyo kuuma kwenye hesabu kunaingia mara mbili, ukimfanya mbu aume ng'ombe nusu ya alivyokuwa anauma unapata robo ya hatari, siyo nusu.

Na zile siku 10 zinategemea joto, kukiwa na joto zinafupika. Mfano mzuri ni ugonjwa wa ulimi wa buluu wa kondoo na ng'ombe, unabebwa na usubi, vile vidudu vidogo ambavyo hata neti ya kawaida vinapita. Chini ya nyuzi 12 hivi virusi havizaliani ndani ya usubi, ndo maana watu wa Ulaya ya kaskazini walilala usingizi mzito miaka yote wakijua ni ugonjwa wa nchi za joto. Kiangazi cha 2006 kikawa cha moto sana, ugonjwa ukaibuka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, na waliobeba ni usubi walewale wa hukohuko ambao hakuna aliyewatilia maanani. Hakuhitajika mdudu mgeni.

SWALI: Daktari ni dharura. Mvua imepiga wiki nyingi, kondoo wetu wametupa mimba karibu wote ndani ya siku chache, wanakondoo waliozaliwa wanakufa. Watoto wamesaidia kuondoa vile vitoto vilivyokufa. Tufanyeje?

JIBU: Wewe nilishakujibu kwa simu, naweka hapa kwa ajili ya wengine kwasababu mvua haijaisha.

Mimba kutupwa kwa mkupuo baada ya mvua nzito, pamoja na wachanga kufa, chukulia ni homa ya Bonde la Ufa mpaka maabara iseme vingine. Mtu asiguse kitoto kilichotoka, kondo, wala damu bila glavu na kufunika mdomo na macho. Hakuna kuchinja, hakuna kuchuna, hakuna kunywa maziwa ambayo hayajachemka. Wengi wa wanaoupata hawaupati kwa mbu, wanaupata mikononi. Aliyegusa aangaliwe wiki nzima, homa ikianza hata kidogo hospitali na aseme kabisa aligusa nini, maana asiposema atapewa dawa ya malaria atarudi nyumbani. Na ofisi ya mifugo ijulishwe leoleo.

Mtu kaniuliza inatokea wapi ghafla hivo baada ya miaka kumi ya kimya. Iko ardhini. Kuna mbu wa mafuriko, wanataga kwenye udongo unyevu pembeni ya mabonde, mayai yanakauka na kusubiri miaka, na mengine mama ameshayawekea virusi. Mvua ikijaza bonde yanaanguliwa kwa maelfu siku moja. Hao wa kwanza wanawasha moto kwa mifugo, afu wanakuja mbu wa aina nyingine wanaozaliana kwenye maji yaliyosimama wanaueneza. Virusi vyenyewe viligunduliwa karibu na ziwa Naivasha, ripoti ikatoka 1931, wanakondoo walikuwa wanakufa kwa mamia na walipohamisha kundi nyanda za juu kusiko na mbu vifo vikakata.

Kwasababu mvua inatangulia, ugonjwa unaweza kutabiriwa. Mwishoni mwa 2006 watu wa setilaiti walitazama joto la bahari na ukijani wa ardhi wakatoa onyo wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kuonekana Kenya mwezi Desemba. Onyo lilikuwa sahihi, ila chanjo na watu havikuwahi. Hilo linaniuma mpaka leo, kujua si kazi, kazi ni kufika. Na chanjo ichomwe kabla ya mvua. Ukianza kuchanja ugonjwa ukiwa tayari ndani ya kundi, tena kwa sindano moja, rudi kasome jibu la pange hapo juu.

SWALI: Wametuwekea vitambaa vya buluu na nyeusi porini, vichache mno, eti vinamaliza mbung'o. Si mzaha huu?

JIBU: Si mzaha, ni uzazi wa mbung'o wenyewe, yule inzi anayeleta malale. Inzi wa kawaida anataga mayai mamia. Mbung'o jike habwagi yai, anabeba kiluwiluwi kimoja tumboni, anakinyonyesha humohumo kama mnyama, na kila siku tisa au kumi anazaa hicho kimoja tu. Kiumbe anayezaa pole hivo ukimwongezea vifo vya asilimia 3 au 4 ya majike kila siku hawezi kufidia, anapungua mpaka anaisha. Zimbabwe vitambaa vinne vyenye dawa na harufu ya kuvutia viliweza kutosha kilomita ya mraba nzima. Buluu inamwita kutoka mbali, nyeusi anatua, anakanyaga dawa. Ila harufu isiwekwe kwa kukisia na kitambaa kilichofifia kibadilishwe, nimeviona vingine vimekuwa vyeupe kabisa, hivyo ndo mzaha.

Unguja walimaliza kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, kwa sababu jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu, akipata tasa imetoka hiyo. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana 1996. Ni kisiwa lakini, bara wanarudi kutoka pembeni.

SWALI: Nimepima ng'ombe 10 kwenye kundi la 400, wote hawana ugonjwa. Naweza kusema kundi langu ni safi?

JIBU: Hapana. Kuna kanuni ya mfukoni, ukipima ukakuta sifuri chukua 3 gawanya kwa idadi uliyopima. 3 kwa 10 ni asilimia 30, yaani kundi lako linaweza kuwa na wagonjwa hata zaidi ya 100 na bado ukapata sifuri kwa bahati tu. Kama unataka kuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba ugonjwa hauzidi asilimia 5, pima kama 60, na hapo tunachukulia kipimo hakikosei, kikikosea ongeza. Wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kundi zima, mbele, nyuma na katikati. Najua watu wanavyofanya, wanawapima wale wapole waliosimama karibu na geti.